Nyota wa hoki akidai mkwanja zaidi, anamkata nani?

Juzi kuna jamaa kaniuliza: huyu Connor McDavid wa Edmonton Oilers, mkali wa hoki ya barafu, mbona hadai mpaka senti ya mwisho? Si tajiri wa timu anazo pesa? Nikaona bora niandike, maana wengi tunapima mikataba ya NHL, ligi ya Marekani na Kanada, kwa macho ya soka la Ulaya.

Kwanza historia kidogo. NHL ilifuta msimu mzima wa 2004-05 kwa ugomvi wa matajiri na wachezaji juu ya mishahara. Walivyorudi, ukawekwa ukomo: kila timu isizidi dola milioni 39 kwa wachezaji wake wote. Msimu wa 2025-26 ukomo ulikuwa umefika milioni 95.5. Na mchezaji mmoja haruhusiwi kuvuka asilimia 20 ya ukomo huo.

Sasa hapo ndipo penye utamu. Sinia ni moja, na hata tajiri akiwa na mapesa ya kumwaga haruhusiwi kuongeza. Nyota akichota sana, anayelala njaa ni mwenzake wa chumba cha kubadilishia nguo. Chicago Blackhawks walichukua Kombe la Stanley 2010, kisha wakalazimika kuwaachia akina Dustin Byfuglien na Andrew Ladd kwa sababu hesabu zilikuwa hazikai.

Kinachohesabiwa ni wastani: jumla ya mkataba gawanya kwa miaka. Wajanja wakaona mwanya. Mwaka 2010 New Jersey Devils walimpa Ilya Kovalchuk miaka 17 kwa milioni 102. Miaka 10 ya kwanza ilibeba milioni 95, na 6 ya mwisho kila mmoja chini ya milioni 1! Yaani miaka ya uzeeni iliwekwa ili kushusha wastani tu. Ligi ikaukataa, na msuluhishi akaiunga mkono. Mwaka 2013 mikataba ikawekewa kikomo cha miaka 8 kwa anayebaki timu yake na 7 kwa anayehama. Makubaliano ya 2025 yakashusha hadi 7 na 6, kuanzia Septemba 2026.

Kwa hiyo wakala hagombanii mshahara peke yake. Anadai pia miaka, bonasi ya kusaini inayolipwa kwa mkupuo, na kipengele cha mteja wake kutohamishwa bila ridhaa yake.

Turudi kwa McDavid. Mwaka 2017 alisaini miaka 8 kwa milioni 100, yaani 12.5 kwa mwaka. Oktoba 2025 akaongeza miaka 2 tu, kwa milioni 12.5 ile ile! Fainali za 2024 na 2025 alikuwa amezipoteza zote, na pesa aliyoacha mezani ni ya kusajili wenzake. Halafu ile miaka 2 ni ujumbe kwa viongozi: jengeni timu haraka, la sivyo naondoka. Siku chache kabla yake, Kirill Kaprizov wa Minnesota Wild alikuwa amesaini miaka 8 kwa milioni 136, yaani 17 kwa mwaka.

Mimi simlaumu Kaprizov, maana goti likivunjika hakuna wa kumlipa tena hela ile. Ila tukisema McDavid kaibiwa tunakosea. Kalipia nafasi ya kombe kwa mfuko wake mwenyewe.

Naomba kutoa hoja.