Kipandikizi cha Sikio na Toni za Kihaya

Graeme Clark alizaliwa mwaka 1935 katika mji mdogo wa Camden, New South Wales, Australia. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye masikio mazito, na wateja walilazimika kupaza sauti kumweleza shida zao, hata zile ambazo mtu husema kwa kunong'ona. Mtoto huyo alisomea udaktari, akawa mpasuaji wa masikio, pua na koo mjini Melbourne. Baada ya kusoma majaribio ya Blair Simmons wa Marekani, aliyeamsha neva ya kusikia kwa umeme, aliacha kliniki yake na kurudi kusoma Sydney. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1969, na mwaka uliofuata akawa profesa Melbourne.

Kilichomsumbua ni mpaka wa shimesikio. Kifaa hicho hukuza sauti, basi. Hakimfai mtu ambaye chembe za kupokea sauti zimekufa ndani ya koklea, mfereji mdogo uliojiviringa ndani ya sikio. Mjini Paris mwaka 1957, André Djourno na Charles Eyriès walikuwa wamethibitisha kwamba umeme unaweza kuziruka chembe hizo na kuifikia neva, na William House wa Los Angeles alianza kupandikiza waya wa umeme ndani ya sikio mwaka 1961. Lakini waya mmoja ulimpa mgonjwa mlio na mdundo tu, si maneno. Clark alitaka elektrodi nyingi, kila moja mahali pake, kwa kuwa koklea hupokea sauti nyembamba karibu na mlango wake na nzito kule ndani. Namna ya kuzipenyeza bila kuharibu kitu aliipata mwaka 1977 katika ufuko wa Minnamurra, akichezea kombe na jani la nyasi: jani lililokuwa gumu shinani na laini nchani liliufuata mzunguko wa kombe bila kukwama.

Tarehe 1 Agosti 1978 alimpasua na kumpandikizia elektrodi hizo Rod Saunders, aliyepoteza usikivu katika ajali ya gari. Uvumbuzi wenye uzito zaidi ulikuja wakati wa kumpima. Clark na mwenzake Yit Chow Tong waliwasha elektrodi mojamoja, na Saunders akasema kila moja inamletea sauti inayofanana na irabu fulani. Hapo ndipo walipojua la kufanya: mashine ichague mlindimo unaoitambulisha irabu na kuupeleka kwenye elektrodi yake, huku kasi ya mapigo ya umeme ikifuata kupanda na kushuka kwa sauti ya msemaji. Kifaa kilichotokana na kazi hiyo kiliidhinishwa Marekani kwa watu wazima mwaka 1985 na kwa watoto mwaka 1990.

Mwaka 1991 Blake Wilson na wenzake wa North Carolina walichapisha mbinu nyingine: mapigo ya kasi isiyobadilika, yanayopokezana kati ya elektrodi ili umeme usigongane. Maneno yalisikika vizuri zaidi, nayo ikawa msingi wa mbinu nyingi zilizofuata. Mwaka 2013 Clark, Wilson na Ingeborg Hochmair wa Austria walipewa Tuzo ya Lasker kwa pamoja. Hata hivyo, katika mbinu ya Wilson kupanda na kushuka kwa sauti hufika hafifu. Kwa msemaji wa Kiingereza hasara hiyo huonekana zaidi katika muziki. Kwa watoto wa Kichina imechunguzwa sana, maana toni kwao hutenganisha neno na neno.

Kwa kata ya Kashai, mjini Bukoba, jambo hili si la mbali. Kihaya ni lugha ya toni, na hata nyakati za vitenzi vyake hubebwa kwa sehemu na kupanda na kushuka kwa sauti. Ernest Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman walihariri kitabu juu ya sarufi ya lugha hiyo mwaka 1977, mwaka uleule wa kombe la Minnamurra. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, na irabu zake tano ni aina ya sauti ambayo kifaa hiki huifikisha vizuri. Kwa hiyo mtoto wa Kashai mwenye kipandikizi ana kila sababu ya kukipata Kiswahili cha shuleni kwa wepesi kuliko Kihaya cha bibi yake, na mtaalamu anayempima kwa maneno ya Kiswahili pekee hawezi kuiona tofauti hiyo.

Nchini Tanzania, elimu ya viziwi ilitangulia upasuaji kwa zaidi ya miaka 50: shule ya Tabora ilianza mwaka 1963, ya Buguruni mwaka 1974, na Bukoba nayo ina Mugeza Viziwi. Mwaka 1998 B. M. Minja alichapisha uchunguzi wa vyanzo vya uziwi kwa watoto wa Buguruni. Kwa miaka mingi waliohitaji kipandikizi walipelekwa India, mpaka Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilipoanza huduma hiyo Juni 2017. Upasuaji huchukua saa chache tu. Kinachodumu ni kurekebisha programu ya kifaa kwa kurudi tena na tena, pamoja na mazoezi ya kusikia na kusema. Kwa familia ya Kashai, kila marejeo Muhimbili ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi.