Kwa Nini Jahazi Lilitaka Usumba

Anayebadilisha kamba za tanga siku hizi, awe nahodha wa jahazi la Zanzibar au mwenye mashua ya matembezi, huanza kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi. Swali hilo lina maana, lakini likisimama peke yake linapotosha. Kwa karne nyingi henza iliyopandisha foromali, yaani mti unaobeba tanga, jarari iliyopita kwenye gofia, yaani kapi la kuvutia kamba, na demani iliyolizuia tanga zilisokotwa aghalabu kwa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Na usumba ni dhaifu: kamba yake haifiki nusu ya nguvu ya kamba ya katani yenye unene uleule. Ninachodai ni kwamba mabaharia wa Bahari ya Hindi waliuchagua wakijua udhaifu huo, kwa kuwa bahari huipima kamba kwa mambo mengi, na nguvu ni moja tu kati yake.

Tazama kazi yenyewe. Tanga kuu la jahazi ni moja, kubwa, limening'inia kwenye foromali ndefu, na upepo wa ghafla ukilipiga, mzigo wote huiangukia demani mara moja. Uzi wa katani hukatika ukinyooshwa asilimia chache tu. Uzi wa usumba huweza kunyooka zaidi ya asilimia 15 kabla ya kukatika, kwa hiyo huumeza mshtuko ule ambao kamba ngumu ingeupeleka moja kwa moja kwenye mlingoti na kwenye nguo ya tanga. Tena usumba una kiasi kikubwa cha lignini, kile kitu kinachoifanya miti iwe migumu, na ndicho kinachouwezesha kustahimili maji ya chumvi pale nyuzi nyingine zinapooza. Huelea pia, jambo lenye thamani kwa kamba ya kuvutia chombo kingine au ya kurushwa bandarini. Hata unene, ambao kwa mhandisi ni hasara, kwa watu wanaovuta foromali nzito kwa mikono mitupu ni afadhali kuliko kamba nyembamba inayokata viganja. Kwenye henza, hata hivyo, kunyooka kulikuwa kasoro ya kweli: foromali hushuka kidogo kidogo, na watu hulazimika kuvuta upya. Waliipunguza kasoro hiyo kwa kutumia kamba nene na kuupitisha mzigo kwenye gofia ili kila mkondo wa kamba ubebe sehemu yake, lakini hawakuimaliza.

Kuna watakaosema kwamba watu wa kale walitumia usumba kwa sababu hawakuwa na kingine. Ushahidi unakataa. Katika karne ya 12 mwanajiografia Al-Idrisi aliandika juu ya chuma cha pwani hii kilichouzwa hadi India, na bado mbao za vyombo ziliendelea kushonwa kwa kamba za usumba badala ya kupigwa misumari. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza sababu baadaye, alipoandika habari za Maldivi: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, kilichoshonwa kwa usumba hulegea kidogo na kunusurika. Alisema hayo juu ya vyombo vya India na Yemeni, ndugu wa mitepe, vyombo vya kushonwa vya Lamu. Ushahidi ninaoupa uzito zaidi ni wa Wareno. Walikuja na misumari yao na kamba za Ulaya, hawakuwa na sababu ya kuipenda mila ya wenyeji, na bado waliutafuta usumba wa Maldivi kwa ajili ya kamba za merikebu zao.

Kisha katani ikaletwa mlangoni kabisa. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza kutoka Florida miche ya mkonge, mmea unaotoa katani. 62 tu ndiyo iliyopona, ikapandwa karibu na Pangani, na kufikia 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka. Nyuzi hizo zilikuwa na nguvu kuliko usumba, zikipakiwa merikebuni kwenye bandari ya Tanga huku majahazi yakipita jirani. Lakini katani hunywa maji, hukakamaa, na baharini huoza mapema kuliko usumba, na soko lake kubwa lilikuwa kufunga majani ya mifugo na mazao kwenye mashamba ya nchi za mbali. Usumba haukuondoka ufukweni kwa sababu yake.

Uliondolewa na plastiki, na hapa hoja yangu inakutana na pingamizi zito zaidi: kama usumba ulifaa hivyo, mbona nailoni na polipropilini ziliushinda upesi? Nailoni hunyooka kama usumba na kuuzidi nguvu mara nyingi, hilo halina ubishi, na ndiyo maana huchaguliwa kwa nanga. Poliesta hunyooka kidogo, ikafaa henza. Polipropilini huelea, ila jua huimaliza. Kwa maneno mengine, hata katika plastiki hakuna kamba moja inayofaa kazi zote, na anayenunua bado anapima kunyooka, maji, jua na mikono kama alivyopima msokotaji wa zamani. Kilichobadilika zaidi ni gharama ya kazi. Makumbi hufukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi kadhaa, hufukuliwa yakinuka, hupigwa kwa magongo, huoshwa, hukaushwa, kisha husokotwa kwa mkono, na Unguja kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Bei ya usumba ilionekana ndogo kwa sababu saa zao hazikuhesabiwa. Tangu 1989, kilimo cha mwani kilipoanza katika vijiji vya Paje na Jambiani, wengi wao walipata pesa kwenye maji yaleyale walimofukia makumbi, wakiufunga mwani kwa kamba za plastiki za kununua dukani.