Majigambo Yasiyoingia Santurini

Waliopata kukesha katika matanga ya Kijaluo pande za Ndhiwa, Rongo au Kendu Bay wanafahamu kwamba wimbo wa nyatiti, chombo chenye nyuzi nane ambacho mpigaji wake huketi kwenye kigoda kifupi, pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu ikigonga mbao na njuga za gara zikilia, haukuwa na mwisho uliojulikana tangu mwanzo. Kwani wakati wowote mmoja wa hadhirina aliweza kuinuka, akatoa fedha, akausimamisha muziki na kujigamba mbele ya kaumu kwa majina yake ya sifa, ya ukoo wake na ya mpenzi wake, kisha mpigaji akaendelea huku akiyafuma majina hayo katika wimbo wake. Desturi hiyo huitwa pakruok, na kwa rai yangu ndiyo iliyokuwa roho ya ngoma nzima, kwa sababu kwayo msikilizaji aligeuka mshairi na wimbo ukawa milki ya wote waliohudhuria.

Santuri ilipofika, roho hiyo ilikosa mahali. Hugh Tracey, aliyerekodi nyimbo za Wajaluo mwaka 1950, alikuwa na takriban dakika tatu tu kwa kila upande wa sahani, na wenye maduka ya santuri waliomfuatia walifungwa na kipimo hicho hicho. Aghalabu watu husema ufupi wa muda ndio uliokata pakruok. Mimi naona muda ulikuwa nusu tu ya sababu, maana anayejigamba hutaka kuonekana na jirani zake akitoa fedha, na mnunuzi wa santuri aliye mbali hamjui wala hakuuona mkono wake ukitoa.

Jambo la namna hii lilitukia pia ughaibuni, mchezo wa jukwaani The Sound of Music wa 1959 ulipofanywa filamu mwaka 1965. Nyimbo tatu ziliachwa, na miongoni mwazo umo ule ambamo Max, rafiki wa Kapteni ambaye ni mhusika mkuu, na Elsa, mchumba wake, wanamshawishi Kapteni akubaliane na watawala wanaokuja. Jukwaani uchumba wa Kapteni na Elsa huvunjika kwa hitilafu ya siasa. Katika filamu huvunjika kwa mapenzi peke yake. Wimbo mmoja ukatolewa, na sababu ya mtu kumwacha mchumba wake ikabadilika. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kukata ni kazi ya mkasi na saa tu.

Wapigaji wa benga, muziki wa gitaa wa Kijaluo, hata hivyo, hawakukubali hasara yote. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa 1940 upande wa Shirati, Tanganyika, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, pamoja na wenzake walioufundisha mkono wa gitaa mwendo wa nyatiti, waliugawa wimbo mmoja katika pande mbili za sahani ndogo, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na wakawataja ndani yake wafadhili, marafiki na wake za watu kwa majina yao, mwimbaji akiwasemea wale ambao zamani wangesimama wenyewe. Majina yakasalimika, aliyepoteza ni mwenye jina, ambaye hakupewa tena nafasi ya kuusimamisha wimbo akatamka sifa zake kwa kinywa chake.