Mcheza Kwao Hutunzwa: Habari za Amri Athumani, Mchekeshaji

Maneno yetu ya leo ni habari za mtu aliyewachekesha watu kwa muda wa miaka karibu 60. Jina lake Amri Athumani, lakini wengi walimwita King Majuto.

Katika Usukuma kazi ya kuwavuta watu ni ya tangu zamani. Baada ya mavuno vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana uwanjani, na ushindi ni wa upande uliovuta watu wengi zaidi. Kwa hiyo wachezaji hubuni vituko vya kila namna. Wengine hucheza na nyoka, wengine huja na sanamu za miti za kuchekesha. Anayependezwa humtunza mchezaji pale pale, kama wahenga walivyosema: Mcheza kwao hutunzwa.

Kichekesho cha jukwaani kina asili nyingine. Zamani za utawala wa Waingereza, wanafunzi shuleni waliiga michezo ya Kizungu, kisha wakabuni michezo mifupi yao wenyewe. Aliyechekwa sana alikuwa mtu wa shamba aliyefika mjini asijue desturi zake. Michezo hiyo haikuandikwa. Wachezaji walipatana kisa, na maneno wakayapata wakiwa wamekwisha simama mbele ya watu.

Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza mwaka 1958, angali mtoto. Siku zile Tanganyika haikuwa na televisheni, basi jukwaa ndilo lililokuwa chuo chake. Mtu wa jukwaani huisikia hukumu yake mara moja: watu wakicheka, huendelea; wakinyamaza, hana budi kubadili neno. Alipokuwa mtu mzima alijulikana kwa kuigiza mzee wa pwani, mkali, mbishi, mwenye kupenda fedha, ambaye hila zake humrudia mwenyewe. Watu walimcheka kwa sababu walimtambua jirani yao ndani yake, na pengine nafsi zao.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini bara ilichelewa mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipofunguliwa. Kanda za video zilipoenea, na baadaye sahani zake, Majuto alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa kwanza wa nchi hii kuingia humo. Basi mchimbaji wa Geita aliyetoka shimoni jioni aliweza kumcheka mtu wa Tanga, naye yule wa Tanga hakuondoka kwake.

Hapo ndipo lilipozuka jambo gumu. Uwanjani mtunzaji na mchezaji huonana kwa macho. Mbele ya televisheni anayecheka hampi mchezaji kitu. Fedha hupitia mikononi mwa wafanya biashara, na fungu la mchezaji ni lile tu lililoandikwa katika mkataba wake. Wako pia wanaonakili sahani kwa siri na kuziuza. Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1999, lakini sheria haimsomei mtu mkataba wake kabla hajatia sahihi.

Mwaka 2018 Majuto aliugua sana, akapelekwa mpaka India kutibiwa. Mwaka huo huo Waziri Harrison Mwakyembe aliweka kamati ya kuchunguza mikataba ya wasanii, na ya Majuto ikiwamo. Tarehe 8 Agosti 2018 alifariki dunia katika hospitali ya Muhimbili, mwenye umri wa miaka 70. Hata Kenya yalitokea mambo ya namna hii. Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang wa mchezo wa Vitimbi, aliyekufa mwezi wa Julai 2015, alikuwa amechangiwa na watu ili atibiwe macho.

Michango hiyo ni sifa njema kwa waliotoa, maana yaonyesha kwamba desturi ya kutunza haijafa. Lakini tuzo ya uwanjani humfikia mchezaji angali na nguvu, na mchango wa hospitali humkuta amelala. Basi ninyi vijana mnaojifunza ngoma na michezo, jifunzeni pia kusoma mkataba, neno kwa neno. Na sisi watazamaji tununue kazi iliyo halali. Ndiyo namna ya kumtunza mchezaji asiyetuona.