Hisabu ya Mayai ya Tausi

Katika ndege wote ambao matajiri wa Roma waliwafuga kwa anasa na fakhari, hapana aliyepata jaha kubwa kuliko tausi, ambaye asili yake ni Bara Hindi na kisiwa cha Sri Lanka, akapita mikononi mwa Wayunani hata akafika Italia. Na waandishi wa zama zile wametuachia habari nyingi za manyoya yake na za karamu alizoandaliwa. Lakini ndani ya vitabu vyao vya kilimo imo habari nyingine, ambayo wasomaji wengi huipita upesi, nayo kwangu mimi ina thamani zaidi: jinsi mayai ya tausi yalivyoatamiwa na kuku wa kawaida, na jinsi watunzaji walivyozipanga siku hata mayai ya namna mbili, yenye muda mbalimbali, yakaanguliwa kwa wakati mmoja.

Desturi hii ni kongwe kuliko fakhari ya Roma. Huko Athens, katika karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, bwana mmoja aliyeitwa Pyrilampes alifuga tausi waliokuwa ajabu ya mji, na watu walisafiri kutoka Sparta na Thessaly, wakangoja siku ya mwezi mwandamo ambapo mlango hufunguliwa, ili wawatazame na, wakijaliwa, wapate mayai yao. Karne iliyofuata Aristotle aliandika kwamba tausi huanza kutaga atimizapo miaka 3, na kwamba mayai yake, ambayo ni 12 au pungufu, huchukua siku 30 au zaidi kidogo. Lakini wafugaji, asema, huyatia chini ya kuku, kwa sababu tausi dume humrukia jike aliye kiotani na kuyavunja.

Roma ndiko mambo haya yalikogeuka kuwa biashara. Varro, aliyeandika kitabu chake cha kilimo mwaka 37 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, naye ni mzee wa miaka takriban 80, asimulia kwamba Quintus Hortensius, msemaji mashuhuri wa mahakamani, ndiye aliyeanza kuandaa nyama ya tausi karamuni. Na kwamba Marcus Aufidius Lurco alijipatia kwa ndege hawa zaidi ya sestersi 60,000 kwa mwaka. Yai moja liliuzwa dinari 5, na tausi mmoja dinari 50, bei ambayo kondoo hakuifikia. Maadamu yai lilikuwa mali kiasi hicho, kulipoteza kwa uzembe ilikuwa hasara ya kuumiza, na wenye mashamba wakalazimika kutafuta watu wenye maarifa.

Maarifa hayo aliyeyaeleza kwa ukamilifu ni Columella, mzaliwa wa Gades huko Hispania, aliyeandika katika karne ya 1 baada ya Nabii Isa. Tausi asiyeachiwa kuatamia, asema, hutaga mara tatu kwa mwaka: kwanza mayai 5, kisha 4, kisha 3 au 2, basi ni kheri ayaondolewe, na kazi ya kuatamia wapewe kuku wakongwe waliokwisha kuizoea. Kuku huwekewa mayai 9 mwezi uandamapo, 5 ya tausi na 4 ya kuku. Itimiapo siku ya kumi, yale ya kuku yote huondolewa, na mahali pake hutiwa mengine 4 mapya. Na kwa kuwa yai la kuku huhitaji siku 21, na la tausi mwezi mzima kwa hisabu yake, vifaranga wote hutoka mwezi unapokaribia kufa. Kila afugaye kuku ajua sababu: mama akiisha kupata vifaranga wa kuongoza, huondoka kiotani, na mayai yaliyobaki hupoa yakawa viza.

Wala kazi haikuishia katika kuhesabu. Yai la tausi ni kubwa, na kuku huona taabu kuligeuza. Nalo lisipogeuzwa, kiini cha uhai hunata kwenye utando wa ndani kikafa. Kwa hiyo mtunzaji alivizia saa ambayo kuku hushuka kwenda kula, akayageuza kwa mkono wake, naye alikuwa ameyatia alama ya wino upande mmoja, ili kila atazamapo ajue kama kuku ameyageuza mwenyewe au la. Hata baada ya kuangua alikuwa na hadhari, kwani Columella aonya kwamba kuku mwenye vifaranga vyake asilishwe mahali pamoja na makinda ya tausi, asije akayaona, akawachukia wanawe kwa udogo wao na kwa kukosa uzuri, akawaacha kabla hawajakomaa.

Leo wenye mashine za kutotolea huhesabu vivyo hivyo: kwa kuwa yai la tausi huchukua takriban siku 28, atakaye liende sambamba na la kuku hulitangulizia wiki moja. Hisabu hii tumeirithi pamoja na majina ya Hortensius aliyekula na Lurco aliyetajirika. Lakini yule aliyekesha akihesabu siku za mwezi, ambaye aghalabu alikuwa mtumwa, hakuna aliyeliandika jina lake. Nami naona kwamba historia ya ufugaji wa tausi haijatimia ikiwa itamtaja mwenye karamu na kumsahau mtu huyu, kwani bila ya subira yake na wino wake pasingekuwa na ndege wa kujivunia wala wa kuuza.