Mizani ya Timboroa

Ukipanda kutoka Nakuru kwenda Eldoret, baridi inakupata kabla hujaona kibao cha Timboroa. Ni pale wauza viazi na karoti wanapolikimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Stesheni ya reli iko futi 9,001 juu ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi ilitajwa kuwa ya juu kuliko zote katika himaya ya Mwingereza. Mbele kidogo ni Burnt Forest, halafu Eldoret. Naanza na barabara hii kwa sababu Januari 2008 ilikuwa imefungwa kwa mawe na magogo, na wiki hiyo hiyo, huko Marekani, mtoto wa mtu wa Siaya alikuwa ameanza kuitafuta Ikulu yao.

Hebu panga tarehe. Desemba 30, 2007, Mwai Kibaki anatangazwa mshindi na kuapishwa jioni hiyo hiyo. Januari 1, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, linachomwa watu wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamekimbilia hapo. Januari 3, wanachama wa Democratic katika jimbo la Iowa wanakutana kumchagua mtu wao. Barack Obama anapata asilimia 38 hivi, huku John Edwards na Hillary Clinton wakibaki kwenye 30 na 29. Iowa wakati huo lilikuwa jimbo ambalo zaidi ya watu tisa kwa kila kumi walikuwa wazungu.

Siku mbili tu kati ya Kiambaa na Iowa. Kule, wakulima wa mahindi wazungu wanampa kura mtu mwenye jina la Kijaluo. Huku, kwa wakulima wengine wa mahindi, jina lako la pili lilitosha kuamua kama utalala nyumbani au porini.

Siku chache baadaye Obama, akiwa katikati ya kampeni za New Hampshire, alimpigia Raila Odinga simu kuhusu ghasia hizi. Raila akaiambia BBC kwamba babake Obama alikuwa mjomba wake. Nyumbani hakuna aliyeshangaa. Ndivyo tulivyozoea kumtambulisha mwanasiasa: unaanza na mama yake anatoka wapi.

Na ndivyo tulivyowapima wagombea wa Marekani mwaka huo wote. Obama ni mtu wetu. Clinton ni yule mke wa rais. McCain ni mzee wa vita vya Vietnam, basi. Ukiuliza Obama anasema nini kuhusu biashara na Afrika, unaangaliwa kama mtu aliyeuliza bei ya jeneza kwenye matanga. Kuna kichekesho kilizunguka wakati huo, kwamba Marekani itapata rais Mjaluo kabla ya Kenya. Watu walicheka sana. Lakini jaribu kukisimulia kwenye matatu inayopita Burnt Forest, mwaka ambao nyumba zilizoungua hazijaota hata nyasi, uone nani anacheka na nani anaangalia dirishani. Huku mlimani, aliyepigia ODM kura alikuwa na sababu mbili za kumshangilia Obama. Aliyepigia PNU ilibidi kwanza aamue kama ushindi wa mtu wa Illinois ni ushindi wa Raila. Mizani ilikuwa ile ile ya Desemba, ila sasa tulikuwa tumeweka Wamarekani juu yake.

Kinachoniudhi ni kwamba Obama mwenyewe alikuwa ametuonya. Agosti 28, 2006, akiwa seneta, alisimama Chuo Kikuu cha Nairobi akazungumza kuhusu ufisadi na siasa za kikabila. Serikali ikamjibu kwa ukali. Sisi wengine tukakumbuka picha za Kogelo na ile bia ya Senator tuliyoipa jina lake. Hotuba tukaiacha.

Na haikuwa lazima tupime hivyo. Kuna Mkenya aliyewahi kuwapima wagombea wa Marekani vizuri sana, tena kabla hatujapata uhuru.

Mwaka 1960 Tom Mboya alikuwa na umri wa miaka 29, na tatizo lake lilikuwa nauli. Mwaka uliotangulia, yeye na marafiki zake wa Marekani walikodi ndege ikabeba wanafunzi 81 kwenda kusoma huko. Sasa kulikuwa na wengine zaidi ya 200 wenye nafasi vyuoni, na hela ya ndege hakuna. Serikali ya Kiingereza haikuupenda mpango huo, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani haikutaka kuiudhi London, kwa hivyo ilikataa kulipa.

Mwaka huo Richard Nixon alikuwa makamu wa rais na mgombea wa Republican. John Kennedy alikuwa mgombea wa Democratic, na pia mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti iliyoshughulikia Afrika. Ukiwapima kwa mizani yetu ya 2008, jibu lingekuja haraka: Kennedy ni Mkatoliki, Mboya ni Mkatoliki aliyesomeshwa na mapadri, mambo yameisha. Lakini kambi ya Mboya ilibisha hodi kote kuwili. Jackie Robinson, yule mchezaji mashuhuri wa besiboli, alikuwa mfuasi wa Nixon na pia mmoja wa waliowachangishia wanafunzi hawa pesa. Aliupeleka ujumbe kwa Nixon. Nixon akaisukuma Wizara, Wizara ikakataa tena.

Julai 26, 1960, Mboya akaenda Hyannis Port, nyumbani kwa Kennedy kando ya bahari. Kennedy alikuwa ameteuliwa na chama chake wiki mbili tu kabla ya hapo. Walipomaliza kuzungumza, mambo yalianza kusogea, na mfuko wa hisani wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Ghafla Wizara nayo ikakumbuka kwamba ina dola 100,000. Wenye mpango wakachukua za Kennedy. Agosti 17, Hugh Scott, seneta wa Republican, alisimama Seneti akamlaumu Kennedy kwa kununua siasa kwa pesa za hisani. Kennedy akawaka. Magazeti yakaandika, na Wamarekani weusi wakasoma nani amelipia ndege ya Waafrika. Novemba, katika kura milioni 68 hivi, Kennedy alimshinda Nixon kwa chini ya kura 120,000.

Sisemi Mboya ndiye aliyemweka Kennedy madarakani. Watu wakishaanza kusimulia hadithi hii huwa wanavuka mipaka. Ninachokipenda ni jinsi alivyopima. Alikuwa na ombi moja lenye bei inayojulikana, akalipeleka kwa wote wawili wakati ambao wote wawili walikuwa na shida ya kura. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliosafiri Septemba hiyo, akaishia chuo kimoja cha Kansas.

Hapo pia kulikuwa na doa, na mtu wa huku Bonde la Ufa ana haki ya kulitaja. Wengi waliopanda ndege hizo walikuwa Wakikuyu na Wajaluo, watu wa maeneo yaliyotangulia kupata shule za misheni. Mboya aliwapima Wamarekani vizuri kuliko orodha ya abiria ilivyoipima Kenya.

Sasa angalia tulivyoigeuza habari hii. Machi 2007, huko Selma, Obama alisema familia ya Kennedy ilisaidia kumleta babake Marekani. Tarehe hazikubaliani: babake alifika Hawaii 1959, pesa za Kennedy zilitoka 1960, na ndege ya Mboya hakuipanda. Waandishi wa Marekani walilifichua mapema 2008. Kenya tuliendelea kuisimulia kama ilivyo, kwa sababu inaunganisha damu na Ikulu kwa mstari ulionyooka.

Novemba 4, 2008, Obama akashinda, na Kibaki akatangaza tarehe 6 kuwa sikukuu kwa nchi nzima. Ndiyo, Kibaki huyo huyo. Tulipumzika siku moja kwa ajili ya uchaguzi wa watu wengine, na wa kwetu ulikuwa umeua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki. Rais mpya alipokuja Afrika kusini mwa Sahara, Julai 2009, alikwenda Ghana. Kwetu alifika Julai 2015.

Wakati huo wote, msaada mkubwa wa Marekani tuliokuwa nao huku juu ulitoka kwa rais ambaye hakuna aliyemwita mtu wetu. Mwaka 2003 George W. Bush alianzisha PEPFAR, dola bilioni 15 kwa miaka mitano dhidi ya Ukimwi. Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi zilikuwa tayari zimeanza AMPATH pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana. Pesa hizo zikaukuza mradi, na kliniki zake zikafika hadi Burnt Forest. Mtu wa Timboroa aliyekuwa akimeza ARV mwaka 2008, awe wa ODM au PNU, alikuwa na swali halali la kuwauliza Obama na McCain: ukiingia, dawa yangu itaendelea?

Mwaka 2024 tulirudia tena. Trump au Kamala, na nusu ya mjadala ikawa Kamala ni mweusi kiasi gani, babake wa Jamaika, mamake wa India. Machi mwaka huo Bunge la Marekani lilikuwa limeipa PEPFAR idhini ya mwaka mmoja tu, badala ya mitano kama ilivyozoeleka, na idhini hiyo ilikuwa imalizike Machi 2025. Kwa mtu kama Mboya hiyo ingekuwa ajenda nzima. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Trump alisimamisha misaada ya nje, na kabla ya wiki kwisha barua za kusimamisha kazi zilikuwa zimeanza kutoka Washington.