Kilima cha Rabai: Alfajiri ya Pwani na Historia ya Bara

Anayepanda kilima cha pwani kabla ya jua kuchomoza kwa kawaida hutazama upande mmoja tu, mashariki, iliko bahari. Kilima cha Rabai, kaskazini-magharibi mwa Mombasa, humpa mgeni mandhari hiyo bila choyo. Hata hivyo, insha hii inashikilia kwamba historia kubwa ya Rabai ilitokana na watu waliotazama upande wa pili, magharibi, kuliko bara na maziwa yake. Inashikilia pia kwamba habari za huko bara zilifika kilimani kwa sehemu kubwa kupitia Kiswahili, vinywani mwa watu ambao sisi wanafunzi wa Uganda hatujazoea kuwasoma darasani.

Kilima chenyewe kilikuwa na historia kabla ya mgeni yeyote kutoka Ulaya. Warabai ni mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda, ambao waliishi katika makaya, yaani vijiji vilivyozungushiwa msitu na boma. Makaya mengi yalijengwa juu ya vilima kwa ajili ya usalama, kwa kuwa aliye juu humwona adui mapema. Baadaye watu walihamia nje ya makaya, lakini misitu ilibaki mahali pa ibada na makaburi ya wazee. Mwaka 2008 misitu kadhaa ya makaya, ikiwemo ya Rabai, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe na binti yao mchanga walifariki hapo. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, na kwa ridhaa ya wazee wa Rabai wakajenga kituo chao kilimani.

Ukisimama Rabai alfajiri unaelewa haraka kwa nini walipachagua. Nilipokuwa huko, giza lilikuwa bado bondeni wakati anga la upande wa Mombasa lilipoanza kupauka. Kisha minazi ikajitokeza, na mbali zaidi bahari. Dakika chache baadaye nikageuka. Nyuma yangu jua lilikuwa likimulika nchi kavu ya nyika inayoelekea Utaita na Ukambani. Ndiyo iliyokuwa njia ya misafara. Kutoka sehemu moja mtu aliweza kutazama bandari na pia mlango wa bara.

Mlango huo Rebmann hakuufungua peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeifahamu njia ya Utaita na Uchaga. Tarehe 11 Mei 1848, wakiwa safarini, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu. Alipomwuliza kiongozi wake, alijibiwa kwa neno moja la Kiswahili: baridi. Rebmann akatambua kwamba ni theluji, na mlima ni Kilimanjaro. Habari hiyo ilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikataa. Hakuwahi kukanyaga nchi hizi, lakini aliamini vitabu vyake kuliko macho ya waliofika. Mwaka uliofuata, 1849, Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, baada ya kuelezwa habari zake na Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi wa Wakamba.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi wa Uganda ni ramani. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya maelezo ya watu wa misafara kuhusu njia za kutoka pwani. Waligundua kwamba wasafiri waliotoka bandari mbalimbali wote walisema safari zao huishia kwenye maji makubwa. Wakahitimisha kwamba maji hayo ni ziwa moja kubwa mno, na ramani yao ikachapishwa Ulaya miaka ya 1855 na 1856. Walikosea umbo, kwani yalikuwa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na lile ambalo Waganda huliita Nalubaale. Lakini wasimulizi wao hawakusema uongo. Maji yalikuwepo kila walikoyataja. Ramani hiyo ilichangia kutumwa kwa Burton na Speke, na tarehe 3 Agosti 1858 Speke akaliona Nalubaale na kulipa jina la malkia wake. Vitabu vyetu humwita mvumbuzi. Je, wale waliolieleza ziwa hilo kabla yake tuwaiteje?

Uhusiano wa Rabai na Uganda uliendelea. Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kila mwanafunzi wa Uganda analijua jina lake. Ni wachache wanaomjua William Jones, Mwafrika aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa India, kisha akawa kasisi. Jones alisafiri na Hannington, na ndiye aliyewarudisha Rabai watu wa msafara waliobaki, mwanzoni mwa 1886.

Ni kweli kwamba misafara iliyoeneza Kiswahili ilibeba pia pembe na watumwa, na historia hiyo haifai kufichwa. Rabai yenyewe ilikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Hata hivyo, waliotoroka nao walizungumza Kiswahili, na Jones alikitumia katika kazi yake. Lugha haikuwa mali ya upande mmoja.

Kwetu Uganda bado husikika hoja kwamba Kiswahili ni lugha ya kigeni, lugha ya amri za askari. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini mioyo ya wengi haijakubali. Historia ya Rabai inatupa sababu ya kuipima upya hoja hiyo. Miaka kabla ya mkoloni kuingia Uganda, ziwa letu lilikuwa tayari linasimuliwa pwani kwa Kiswahili, na watu waliolifikia kwa miguu yao. Mwanafunzi wa historia anayezuru kilima hicho alfajiri na afurahie bahari, lakini asishuke kabla hajageuka akatazama magharibi na kujiuliza ni nani waliopita njia ile wakileta habari.